Maisha ya Bwana Giulio Bizzozero

Likizo iliyopita nilimkuta baba amejilaza, mkono tumboni. Kwa miaka mingi nyumbani tulisema ni pilipili na mawazo, naye akaamini. Safari hii mganga alimpima, akaona bakteria tumboni mwake, akampa dawa za wiki mbili. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia ni nani aliyetangulia kuona vijidudu vya namna hiyo, akanitajia Bwana Giulio Bizzozero. Nimesoma habari zake, nami nawaletea wasomaji.

Bwana huyu alizaliwa Varese, nchi ya Italia, mwaka 1846. Alihitimu udaktari huko Pavia akiwa na miaka 20, yaani mitatu tu kunizidi mimi! Baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Turin, na huko, kwa kutazama damu kwa hadubini, akaeleza kazi ya vile visahani vidogo vinavyosaidia damu kuganda mtu akijikata. Hilo ndilo lililompa sifa. Camillo Golgi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alifanya kazi chini yake.

Mwaka 1893 alitangaza kwamba ameona ndani ya matumbo ya mbwa vijidudu vilivyojipinda kama skrubu, vikikaa katika tezi zitoazo asidi. Jambo hilo halikutiliwa maanani sana, kwani wengi walisadiki kuwa hakuna kijidudu kiwezacho kudumu katika asidi ile. Tena macho yake yaliugua, ikambidi aiache hadubini. Hapo nilimhurumia kweli: ni kama seremala kunyang'anywa randa. Lakini hakukaa bure, akashika kazi ya afya ya umma mpaka alipofariki mjini Turin mwaka 1901.

Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walivikuza vijidudu vya jamii ile kutoka matumboni mwa watu, wakaonyesha kuwa ndivyo vinavyoleta vidonda vya tumbo vingi. Walitunukiwa Nobel mwaka 2005.

Baba yangu ni mnene, na ana kisukari pia. Nilitumaini dawa zile zitaponya yote mawili. Mwalimu akanieleza kwamba wataalamu wengine wameona miili ya wenye vijidudu hivi huitii insulini kwa shida zaidi, wengine hawakuona hivyo, na haijathibitika kwamba kuviua hushusha sukari. Basi nimemwandikia baba asiache vidonge vyake vya kisukari. Nangoja jibu lake.