Harry Ferguson, Mwenye Trekta la Kijivu



Mtu akifika hapa kwetu Eldoret, mji ambao wazee wengine bado wanauita Sikisti Foo, haoni ajabu kukutana na trekta barabarani. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano, na mashamba hayo hayalimwi kwa mdomo. Mengi ya matrekta hayo ni mekundu, na ubavuni yameandikwa Massey Ferguson. Jina hilo tumelisoma tangu utotoni, lakini ukiuliza huyo Ferguson alikuwa nani, watu hutazamana tu. Hata mimi sikujua hadi likizo ya Aprili, trekta kuukuu la babu lilipobakisha siku chache kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Trekta lenyewe ni Ferguson la kijivu, aina ya TE20. Baba yake babu alilinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifunga virago baada ya uhuru wa 1963. Kwa miaka mingi lilikuwa limelala nyuma ya ghala, kuku wakitaga chini yake. Baba zangu wadogo walikwisha kuelewana na mnunuzi. Mimi nikaomba nipewe likizo hiyo moja tu, nikamwendea fundi mmoja wa jua kali. Tulipokuwa tukingoja spea, nikaanza kusoma habari za mtu aliyelibuni.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 mahali paitwapo Growell, karibu na Dromore, katika Ireland ya Kaskazini ya leo. Baba yake alikuwa mkulima, lakini kijana hakuipenda kazi ya shamba. Mwaka 1902 alimfuata kaka yake Joe mjini Belfast, katika karakana ya baiskeli na magari. Tarehe 31 Desemba 1909, akiwa na umri wa miaka 25, alirusha eropleni aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa eropleni nchini Ireland. Mwaka 1911 akafungua biashara yake ya magari.

Kumbe shamba alilolikimbia lilikuwa likimngoja! Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza chakula kilikuwa haba, na mwaka 1917 alipewa kazi ya kuzunguka Ireland kuwaonyesha wakulima namna bora ya kutumia matrekta. Akazunguka na fundi wake, William Sands. Aliyoyaona hayakumpendeza. Matrekta ya siku hizo yalikuwa mazito mno, na plau ilifungwa nyuma kwa mnyororo, kana kwamba inakokotwa na ng'ombe. Sasa, plau ikinasa kwenye jiwe, ng'ombe husimama. Trekta halina akili hiyo. Magurudumu ya nyuma huendelea kusukuma, pua ikainuka juu, na trekta likampindukia dereva.

Hapo niliacha kusoma nikamtazama babu. Babu yangu anachechemea. Alipokuwa kijana alifunga mnyororo sehemu ya juu nyuma ya trekta lilo hilo ili ang'oe kisiki cha mkaratusi. Kisiki kilikataa, pua ya trekta ikapaa, na mguu wake wa kushoto ukabanwa. Nyumbani tulizoea kulilaumu trekta. Kumbe alikuwa amelifunga kwa namna ile ile ambayo Ferguson alitumia miaka mingi kuiepuka.

Dawa aliyoipata Ferguson ni hii: plau isikokotwe, bali iungwe na trekta hata viwe kitu kimoja. Aliweka mikono miwili chini na mmoja juu, na pampu ya mafuta ya kuiinua na kuishusha plau. Udongo ukiwa mgumu, ule mkono wa juu hupeleka habari kwenye pampu, nayo huinua plau kidogo. Tena ule uzito wa plau na udongo hugandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Ndiyo maana trekta jepesi, la kama tani moja tu, liliweza kazi ya mazito. Kufikia 1926 alikuwa amepata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1936 matrekta ya mtindo huo yakaanza kuuzwa, yakiundwa na David Brown huko Huddersfield, Uingereza.

Oktoba 1938 alilipeleka trekta lake Marekani, akalionyesha mbele ya Henry Ford, tajiri wa magari. Ford alipendezwa sana. Wakapeana mikono na mambo yakaisha hapo, bila mkataba wa maandishi. Mwaka 1939 matrekta yao yakaanza kutoka kiwandani. Lakini wahenga hawakukosea: mali bila daftari huisha bila habari. Uongozi ulipomfikia mjukuu wa Ford, mapatano yale yalivunjwa mwaka 1947, na kampuni ikaendelea kuunda trekta lenye mikono ile ile mitatu. Ferguson akaenda mahakamani akidai dola milioni 251. Mwaka 1952 akakubali dola milioni 9.25. Mtu aliyejua kuifunga plau na trekta hakufunga mkataba!

Hata hivyo hakukata tamaa. Kuanzia 1946 trekta lake la kijivu liliundwa mjini Coventry, na hadi 1956 yalikwisha kutoka zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 alijiunga na kampuni ya Massey-Harris ya Kanada, na ndipo lilipotokea jina tunaloliona barabarani. Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest, alifika Ncha ya Kusini akiendesha matrekta ya Ferguson. Ferguson alifariki tarehe 25 Oktoba 1960, akiwa na umri wa miaka 75. Leo, Uingereza na Ireland wako watu wanaoyakusanya matrekta yake, wakayatengeneza na kuyatunza kama watoto.

Na la babu je? Tulibadilisha plagi na waya, tukasafisha kabureta, tukaazima betri. Siku ya tano injini ikaunguruma, kuku wakatawanyika. Lakini mikono ya nyuma haikuinuka. Fundi akapima mafuta, akafungua hiki na kile, wapi! Babu aliyekuwa ameketi kando akajikongoja hadi pale, akasukuma kijiti kimoja ambacho hatukukijali, kile kinachoipa pampu nguvu. Mikono ikapanda polepole na plau yake. Ikashuka tena baada ya muda, maana pete zimelika, lakini ilipanda.

Babu hakusema neno. Jioni aliagiza mabati mawili ya kulifunika, na mnunuzi akaambiwa asirudi kabla ya Desemba. Basi, wenzangu, mwenye kujua zinakopatikana pete za TE20 na aniambie. Likizo haiko mbali.