Takács: Bomu lilichukua mkono wa kulia, wa kushoto ukabeba dhahabu mbili

Mwambie straika wa mguu wa kulia kwamba kuanzia kesho penalti zote atapiga kwa kushoto, uone atakavyokutazama. Károly Takács wa Hungaria yalimkuta makubwa kuliko hayo.

Alizaliwa Budapest Januari 21, 1910, akawa mwanajeshi na mlenga shabaha hodari wa bastola. Olimpiki ya Berlin 1936 aliikosa kwa sababu ya cheo tu: alikuwa sajenti, na timu ilichukua maofisa peke yao. Zuio hilo likaja kuondolewa. Ndipo mwaka 1938, mazoezini jeshini, bomu la mkono likamlipukia na kuuharibu mkono wa kulia, uleule wa bastola. Akalazwa mwezi mzima.

Alipotoka alianza kufanya mazoezi kimyakimya kwa mkono wa kushoto.

Asiyeujua mchezo huu anaweza kuona ni jambo dogo. Bastola ya kasi ya mita 25 ina shabaha tano kwa mstari. Unazipiga zote, risasi moja kila moja, kwa sekunde nane, halafu sita, halafu nne, tena kwa mkono mmoja. Risasi ni ndogo, lakini asikudanganye mtu: kwa risasi ileile, bastola nyepesi inaruka kuliko nzito. Na kwa kuwa mtutu umekaa juu ya kiganja, kila mlipuko unainua mdomo wa bastola. Usipourudisha palepale, sekunde nne zinakwisha bado uko shabaha ya tatu.

Dawa yake ni kukaza kifundo cha mkono, kunyoosha kiwiko, na kushika mpini kwa nguvu ileile tangu risasi ya kwanza hadi ya tano, kidole tu ndicho kicheze. Ukiubana ghafla kwa kuogopa mshindo, mdomo unainama kabla risasi haijatoka. Mtu hujifunza hayo kwa miaka. Mkono wa kushoto wa Takács ulianza darasa la kwanza akiwa na miaka 28, na miguu, bega, hata namna ya kuzungusha kiwiliwili kufuata shabaha, vyote vikabidi vigeuzwe.

Mwaka 1939 akatokea kwenye ubingwa wa taifa. Wenzake walidhani amekuja kutazama na kuwapa moyo. Kumbe jamaa kaja kushindana, na ubingwa akabeba.

Vita vikafuta Olimpiki za 1940 na 1944, miaka ambayo angekuwa motomoto. Alifika London 1948 akiwa na miaka 38. Inasimuliwa kwamba bingwa wa dunia, Carlos Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimuuliza amefuata nini, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Takács akapiga pointi 580, rekodi ya dunia, Valiente 571. Muargentina huyo, muungwana kwelikweli, akakiri kwamba mwanafunzi amejifunza vya kutosha.

Helsinki 1952 ilikuwa kazi ngumu zaidi, tena dhidi ya Mhungaria mwenzake Szilárd Kun: 579 kwa 578. Pointi moja! Hakuna aliyewahi kushinda dhahabu mbili za bastola ya kasi kabla yake.

Melbourne 1956, akiwa na miaka 46, alimaliza wa nane. Alifariki Budapest Januari 5, 1976, siku 16 kabla ya kutimiza miaka 66.