Edwin Land: Mvumbuzi wa picha ya dakika moja na upande wake uliotupwa

KABLA ya simu zenye kamera kuenea nchini, mkazi wa Kitengela au Kajiado aliyetakiwa kuambatisha picha ndogo za paspoti kwenye fomu ya kazi au ya shule alikuwa na njia mbili. Angepigwa picha kwa filamu ya kawaida na kurudi studio baada ya siku kadhaa, au angelipa zaidi na kusubiri kwa muda wa dakika moja hivi. Mpiga picha alivuta karatasi nene kutoka kwenye kamera, akatazama saa, kisha akaibandua mara moja. Upande mmoja ulikuwa na sura ya mteja. Upande wa pili, mweusi na wenye utelezi wa dawa, ulitupwa.

Upande huo uliotupwa ndio negativu. Hivi leo, wapiga picha wachache wanaoendelea kutumia filamu za aina hiyo zilizopitwa na tarehe huuokota, wakausafisha na kukuta humo picha ambayo huenda ikawa na maelezo mengi kuliko ile iliyochukuliwa na mteja. Aliyebuni utaratibu huo wote ni Mmarekani Edwin Herbert Land, aliyefariki Machi 1, 1991 akiwa na umri wa miaka 81. Maisha yake nayo yalikuwa na upande uliosifiwa na dunia nzima, na upande mwingine ambao haukupaswa kutupwa.

Land alizaliwa Mei 7, 1909 mjini Bridgeport, jimbo la Connecticut. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, na baba yake alifanya biashara ya vyuma vikuukuu. Mwaka 1926 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, lakini baada ya miezi michache akaondoka na kwenda New York kufanya utafiti wake mwenyewe. Hakuwa na maabara ya kutosha. Inaelezwa kwamba usiku alikuwa akipenya kisirisiri katika maabara za Chuo Kikuu cha Columbia ili atumie vifaa vyao.

Alichokitafuta kilikuwa dawa ya mwanga mkali wa taa za magari. Dereva yeyote anayesafiri usiku kwenye barabara ya Namanga, akikutana na lori lenye taa za kupofusha, analielewa tatizo hilo bila kuelezwa. Land alitengeneza karatasi nyembamba yenye fuwele ndogo mno zilizopangwa kuelekea upande mmoja, hivi kwamba mwanga uliopita ulikuwa wa mwelekeo mmoja tu. Mwaka 1929 aliwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake. Kampuni za magari hazikuukubali uvumbuzi huo kwa ajili ya taa, lakini uliingia katika miwani ya jua na vifaa vya kijeshi. Mwaka 1937 alianzisha kampuni ya Polaroid mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts. Harvard alirudi kwa muda, akaondoka tena bila shahada. Mnamo 1957 chuo hicho kilimtunuku udaktari wa heshima.

Swali la mtoto

Mwishoni mwa 1943, Land alikuwa mapumzikoni na familia yake mjini Santa Fe, New Mexico. Alipompiga picha binti yake Jennifer, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, mtoto huyo alitaka kujua ni kwa nini hawezi kuiona picha papo hapo. Wazazi wengi wangelipuuza swali hilo. Land alitoka kutembea akilitafakari, na kwa maelezo yake ya baadaye, katika muda wa saa moja hivi alikuwa amekwisha kuona kichwani mwake kamera, filamu na dawa zitakazohitajika.

Kuyatimiza hayo kulichukua miaka kadhaa. Filamu yake ilikuwa na karatasi mbili: moja ya negativu, ambayo hupokea mwanga, na nyingine ya kupokelea picha. Katikati yake palikuwa na kifuko kidogo cha dawa nzito kama uji, yenye alkali kali. Karatasi zilipovutwa kupitia katikati ya vigogo viwili vya chuma, kifuko kilipasuka na dawa ikaenea. Chembe za fedha zilizoguswa na mwanga ziligeuka nyeusi na kubaki kwenye negativu. Zile ambazo hazikuguswa ziliyeyuka, zikahamia kwenye karatasi ya pili na kuunda picha kamili. Kazi iliyohitaji chumba cha giza, karai na maji mengi sasa ilifanyika ndani ya kamera.

Land alionyesha uvumbuzi huo mbele ya wanasayansi mjini New York mnamo Februari 21, 1947. Kamera ya kwanza iliuzwa Novemba 26, 1948 katika duka la Jordan Marsh mjini Boston, kwa bei ya dola 89.75, na zote zilizokuwa dukani zikamalizika siku hiyo hiyo. Filamu ya rangi ilifuata mwaka 1963. Mwaka 1972 ikaja kamera ya SX-70, iliyotoa picha isiyohitaji kubanduliwa.

Katika kampuni yake, Land alijulikana kwa kuwapa nafasi watu ambao kampuni nyingine zisingewafikiria. Meroë Morse, aliyesomea historia ya sanaa wala si kemia, ndiye aliyeongoza utafiti wa filamu za rangi nyeupe na nyeusi. Polaroid ilisifiwa kuwa mwajiri mwenye utu na mwenye kujali usawa wa watu. Kwa sababu hiyo, yaliyotokea mwaka 1970 yaliwashtua wengi.

Kitambulisho ubaoni

Oktoba mwaka huo, Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, wote wawili Wamarekani weusi walioajiriwa na Polaroid, waliona kwenye ubao wa matangazo kazini mfano wa kitambulisho cha idara ya madini ya Afrika Kusini. Walipofuatilia, waligundua kwamba mitambo na filamu za kampuni yao zilikuwa zikitumiwa kutengeneza picha za pasi za ubaguzi wa rangi. Sheria za nchi hiyo zilimlazimu Mwafrika mtu mzima kutembea na pasi wakati wote. Aliyekutwa bila hiyo katika eneo la wazungu alikamatwa. Kasi ambayo Land aliibuni ili kumfurahisha mtoto ilikuwa imeirahisishia serikali dhalimu kazi ya kuwasajili watu na kuwadhibiti.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana maana ya jambo hilo. Kuanzia 1920, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika nchini kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi ya mwenyewe, iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Upinzani dhidi ya kipande ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa Harry Thuku wafuasi wengi kabla ya kukamatwa kwake Machi 1922. Hadi leo wapo Wakenya wanaokiita kitambulisho cha taifa kipande, na neno hilo bado lina uchungu wake.

Hunter na Williams waliunda vuguvugu la wafanyakazi, wakaitaka kampuni iondoke Afrika Kusini na wakautaka umma ususie bidhaa zake. Land, aliyekuwa kiongozi mkuu wa kampuni, hakulikubali dai la kuondoka. Januari 1971 Polaroid ilitangaza mpango wa kati: haingeuzia serikali hiyo tena, lakini ingeendelea kufanya biashara kupitia wakala wake, ikihimiza mishahara bora na kutoa fedha za elimu kwa Waafrika. Williams alijiuzulu. Hunter alifutwa kazi mwaka huo huo.

Mwaka 1977 ilifichuliwa kwamba wakala huyo alikuwa akiiuzia serikali bidhaa za Polaroid kwa siri. Ndipo kampuni ilipokatiza biashara yake huko. Hunter na Williams walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, na miaka saba ilikuwa imepotea. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa mwaka 1986.

Mwisho wa safari

Mwaka huo wa 1977 Land alizindua Polavision, mtambo wa filamu za sinema za papo hapo. Ulishindwa vibaya sokoni, kwani kanda za video zilikuwa zimeanza kuenea. Aliacha ukurugenzi mkuu mwaka 1980 na kuiaga kabisa kampuni aliyoiasisi mwaka 1982, akajitosa katika taasisi ya utafiti ya Rowland aliyoianzisha. Polaroid iliishinda Kodak katika kesi ya kuiga uvumbuzi wake, na mwaka 1991 Kodak ikalipa dola milioni 925, lakini Land alikuwa amekwisha kufariki. Aliacha hataza zaidi ya 500. Karatasi zake binafsi ziliharibiwa na msaidizi wake baada ya kifo chake, na mengi aliyoyafikiri faraghani yakapotea pamoja nazo.

Polaroid ilifilisika mwaka 2001, na mwaka 2008 ikatangaza kuacha kutengeneza filamu za papo hapo. Kampuni ya Fujifilm, iliyoendelea kutengeneza zile za kubandua, ilitangaza mwisho wake mwaka 2016. Karibu zote zilizosalia zimepitwa na tarehe. Joto na ukavu kama wa nyanda za Kajiado huzidhoofisha upesi: dawa hukauka kifukoni, rangi hugeuka, na filamu huhitaji mwanga zaidi kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti. Ndiyo maana wanaozitunza huziweka kwenye jokofu.

Namna ya kuiokoa negativu ya rangi ya Fujifilm ni rahisi, ila inadai subira. Hubandikwa juu ya kioo huku upande wenye picha ukitazama chini, kingo zikazibwa kwa utepe, kisha mgongo wake mweusi husuguliwa taratibu kwa jiki hadi weusi uishe. Baadaye husuuzwa, uji uliobaki upande wa picha ukaoshwa kwa maji, na negativu ikaanikwa mahali pasipo vumbi. Ile ya rangi nyeupe na nyeusi ambayo dawa yake imekauka inaweza kusafishwa gizani kama filamu ya kawaida. Wapo hata wanaotumia kahawa, vitamini C na magadi yaliyosafishwa kiwandani, bidhaa ile ile ambayo kaunti ya Kajiado imeitoa katika Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100. Alkali hiyo ndiyo huiamsha dawa ifanye kazi, kama ilivyokuwa katika kifuko cha Land.

Inapoinuliwa mbele ya mwanga, negativu huonyesha mambo kinyume: panapong'aa huwa peusi na palipo na giza hung'aa. Mgala muue na haki yake mpe. Land aliwapa mamilioni ya watu furaha ya kujiona papo hapo, na hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo. Lakini wapo Waafrika Kusini ambao picha yao ya dakika moja haikuwa kumbukumbu ya familia. Ilikuwa imebandikwa ndani ya pasi, na polisi akiitaka ilibidi aione.