Helmholtz: Daktari wa jeshi aliyepima mwendo wa mishipa ya fahamu

Mtu mwenye ganzi mikononi anaweza kupimwa mishipa ya fahamu leo na mpimaji huyu, kesho na yule, majibu yakatofautiana. Si lazima mmoja awe kakosea. Mkono ukiwa wa baridi tu, kipimo kinabadilika, na Hermann von Helmholtz alikutana na tatizo hilo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Helmholtz alizaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1821. Alipenda fizikia, ila baba yake, mwalimu wa sekondari, hakuwa na pesa ya kumsomesha. Akasomea udaktari kwa gharama ya serikali, kisha akalipa kwa kutumikia jeshi kama daktari.

Mwaka 1849 akawa profesa Königsberg, akamuoa Olga. Mwalimu wake, Johannes Müller, alishasema mwendo wa mishipa ya fahamu hautapimika kamwe. Yeye akachukua msuli wa chura ukiwa na mshipa wake, akaushtua mshipa kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali kidogo, akapima tofauti ya muda. Jibu: takriban mita 27 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 100 kwa saa, mwendo wa basi la mikoani! Olga ndiye alikuwa anamsaidia kuandika namba.

Ripoti yake ya 1850 wengi hawakuielewa. Basi akatengeneza chombo ambacho msuli unajichorea wenyewe mistari, moja kwa kila mshtuo. Pengo kati ya mistari hiyo lilionekana kwa macho, hata na mtu ambaye hakuwepo maabara.

Binadamu ndio walimsumbua. Kuanzia 1867 huko Heidelberg, yeye na Nikolai Baxt walipima mkono wa mtu, na majibu yakawa hayatulii. Wakaja kugundua kuwa mkono ukipashwa joto kasi inapanda, ukipozwa inashuka.

Leo inajulikana kuwa kila nyuzi 1 ya joto ikipungua, kasi hushuka kwa karibu mita 2 kwa sekunde. Ndiyo maana mpimaji makini huupasha mkono kwanza. Halafu kuna tepu: ukikosea sentimita 1 kwenye umbali wa sentimita 10, tayari umekosea asilimia 10.

Miaka yake ya mwisho Helmholtz aliongoza taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo Charlottenburg, karibu na Berlin. Alifariki hukohuko Septemba 8, 1894.