Salme binti Said: Kalamu ya Kasri

Katika kasri za Ulaya za karne ya 16 na ya 17 palikuwa na wanawake wa nasaba waliomhudumia malkia, wakamchukulia barua na kumtunzia siri. Unguja ya Seyyid Said haikuwa na cheo cha namna hiyo, lakini kazi yenyewe ilikuwapo, na walioifanya ni mabinti wa sultani, masuria na vijakazi. Miongoni mwao anayejulikana zaidi ni Salme binti Said. Wengi humkumbuka kwa mapenzi yake na Mjerumani. Kwa maoni yetu, kisa hicho kimefunika jambo zito zaidi, yaani kwamba binti huyu alijua kuandika katika nyumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma tu.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri ya Beit il Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa vitani angali mtoto na kuuzwa. Mtoni ilikuwa kama mji mdogo. Mbele ya Seyyid Said kilisemwa Kiarabu pekee, lakini alipoipa nyumba kisogo zilisikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi. (Mwanaisimu jamii angepata kazi ya miaka mingi hapo.) Aliyetawala humo hasa ni Bibi Azza binti Seif, mke mkuu, ambaye hakuwa na mtoto. Kila asubuhi watoto wa masuria walikwenda kumwamkia, na hakuna aliyediriki kumsahaulia heshima yake. Hapo ndipo Salme alipojifunza adabu za kasri: nani atangulie, nani asubiri, nani anyamaze.

Baadaye yeye na mama yake walihamia mjini, Beit il Watoro, wakaishi na kaka yake Majid na dada yake Khadija. Majid alimfundisha kupiga shabaha. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiwa na msahafu na bapa la bega la ngamia, akinakili herufi moja baada ya nyingine. Siri ilipofichuka alilaumiwa, lakini hakuacha.

Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea kutoka Omani, akaacha watoto 36 walio hai. Majid akatawala Unguja, Thuwaini Omani. Barghash hakupata kitu cha kutawala, na hakuridhika. Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua Jilfidan, na Salme akabaki yatima wa baba na mama akiwa na umri wa miaka 15. Ni katika ukiwa huo ndipo dada yake Khole, aliyempenda kupita kiasi, alipomvuta upande wa Barghash.

Njama inahitaji barua, na barua inahitaji mwandishi asiyeshukiwa. Mwanamume karani angeweza kuuza siri. Msichana wa ndani, ambaye kila mtu alidhani hajui kushika kalamu, hakuangaliwa na yeyote. Salme akawa katibu wa uasi. Aliandika nyaraka kwa wakuu na kuagiza bunduki, baruti na risasi. Ametueleza katika kitabu chake kwamba dhamiri ilimsuta, maana aliyekuwa akimwandikia kifo ni Majid, kaka aliyemlea. Hata hivyo aliendelea. Tukiisoma sehemu hiyo leo hatuoni shujaa wala msaliti, bali kijana aliyegundua kwamba ana uwezo ambao wakubwa wake wanauhitaji.

Majid alipoizingira nyumba ya Barghash, Khole na Salme walikwenda usiku na wafuasi wao, wakapata ruhusa ya kuingia, wakamtoa ndugu yao akiwa amejifunika nguo za kike. Walinzi hawakuthubutu kumkagua mwanamke wa kasri. Barghash akakimbilia shamba la Marseilles, lakini Waingereza walimsaidia Majid. Ngome ikavunjwa na Barghash akapelekwa Bombay. Wanawake hawakuadhibiwa na Majid, ila jamaa waliwatenga. Salme akajitenga mashambani, Kizimbani na Bububu. Baadaye Majid alimwomba ampishe balozi wa Uingereza nyumba ya Bububu, naye akakubali. Kwa kukubali huko akapatana na Majid na kumpoteza Khole.

Aliporudi mjini, jirani yake alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Kilichofuata kinajulikana: Salme alishika mimba, na mwezi wa Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto akafa safarini kwenda Ujerumani. Katika mji wa Hamburg alizaa watoto watatu. Agosti 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Oktoba mwaka huo huo Majid naye akafa, na usultani ukamwangukia Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia nyaraka.

Mtu angetarajia shukrani. Barghash hakumsamehe kutoka katika Uislamu. Mwaka 1875 alipozuru London, Salme alimfuata huko, lakini wakubwa wa Uingereza walimzuia asimwone. Mwaka 1885 Bismarck alimrudisha Unguja kwa meli ya Kijerumani, pamoja na manowari za kumtisha sultani akubali himaya ya Ujerumani bara. Barghash alipokubali, madai ya dada yake ya urithi yakawekwa kando. Aliyewahi kuandika nyaraka za wengine sasa alikuwa yeye mwenyewe waraka mikononi mwa dola. Tusidhani mambo haya yalikuwa ya pwani tu. Kampuni ya Kiingereza ambayo Lugard aliijengea ngome Dagoretti mwaka 1890 ilitokana na mkataba wa Barghash wa mwaka 1887. Mkazi wa Dagoretti Corner anaishi karibu na mkondo huo kuliko anavyodhani.

Mwaka 1886 alichapisha mjini Berlin kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake tunapata mapishi, mavazi, harusi, maradhi na fitina za kasri, mambo ambayo wasafiri wanaume hawakuruhusiwa kuyaona. Pia tunapata utetezi wa utumwa, na dharau kwa Waafrika, kutoka kwa binti wa mwanamke aliyenunuliwa. Wahakiki wengine huipita sehemu hiyo kwa haraka, wakisema alikuwa mtu wa zama zake. Hoja hiyo haitoshi. Kasri ya Mtoni ililishwa na mashamba ya karafuu, na mashamba yalilimwa na watumwa. Mwandishi aliyejua jina la kila kito cha dada zake hakutupa karibu jina lolote la waliovuna karafuu. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake, kisha baraza la wilaya likaamua jina hilo liondolewe kwa sababu ya kurasa hizo hizo.

Baada ya kurudi Unguja mara ya pili mwaka 1888, na kukataliwa tena, aliishi miaka mingi Beirut hadi mwaka 1914. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Barua zake ndefu kuhusu maisha ya ugenini zilibaki bila kuchapishwa hadi mwaka 1993.