Luigi Broglio: Mhandisi wa Jukwaa la Ngomeni

Mkazi wa Eastlands jijini Nairobi akitajiwa jina Uhuru, mara moja huufikiria mtaa ule ulio jirani na Jericho na Buruburu. Mtaalamu wa elimu ya nyota, awe Tokyo au Chicago, akitajiwa jina lilo hilo hufikiria setilaiti. Katika orodha za vyanzo vya eksirei angani mna majina kama 4U 1700-37, na herufi U iliyomo ni ya neno la Kiswahili: orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Ni nadra neno la lugha hii kusafiri mbali kiasi hicho. Aliyeifungua njia ya safari hiyo hakuwa mwanaisimu wala mshairi, bali mhandisi wa Kiitalia, Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venisi. Alisomea uhandisi mjini Roma, akafundisha chuoni na wakati huohuo akatumikia jeshi la anga hadi akafikia cheo cha jenerali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili aliongoza shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma. Wanafunzi wake ndio waliokuja kuwa kikosi chake cha kurusha roketi.

Mapema katika miaka ya 1960 aliishawishi serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani ikubali mpango ambao wengi waliuona kuwa ndoto ya mchana. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha kitu angani, wala haikuwa na ardhi penye Ikweta. Roketi, aina ya Scout, ilitoka Marekani kwa makubaliano. Kuhusu ardhi, Broglio aliamua kwamba haihitajiki. Angerusha kutoka baharini.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Penye Ikweta dunia hujizungusha kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo huo bila gharama. Mashariki ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna Bahari ya Hindi tupu, hivyo vipande vinavyoanguka havimdhuru mtu. Faida ya tatu ilikuja kuonekana kuwa kubwa kuliko zote: setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na usumaku wa dunia, mionzi ambayo huvuruga vipimo vya vyombo vya kisayansi.

Baada ya setilaiti ya San Marco 1 kurushwa na Waitalia wenyewe kutoka Virginia, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964, kazi ilihamia pwani ya Kenya. Majukwaa mawili ya chuma yalisimamishwa baharini, Santa Rita la uongozi na San Marco la kurushia. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka hapo. Ndani yake mlikuwa na mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe: gamba la nje lililoshikizwa kwenye kiini kwa mikono inayonesa, ili hata msukumo hafifu wa hewa nyembamba ya juu upimike.

Kisha ikaja siku ya Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya Scout iliondoka San Marco na setilaiti ya Marekani, ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani pekee. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo, ndiye aliyeiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi Machi 1973. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwapa wanasayansi mojawapo ya sababu za awali za kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli, na mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel.

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka majukwaa hayo, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitaka roketi ya Scout iliyoboreshwa ili kazi iendelee, lakini mradi huo haukukubaliwa. Majukwaa yakabaki yamesimama majini, na wavuvi wa Ngomeni wakiendelea kupita kando yake. Wapo wanaouliza kwa haki Kenya ilipata nini katika miaka yote hiyo, na jibu la kuridhisha si rahisi kulitoa. Hata hivyo, si kweli kwamba kituo kilikufa. Kilichokoma ni kurusha. Kusikiliza kuliendelea, na thamani ya mahali alipopachagua Broglio ilidhihirika zaidi wakati chombo kilipopatwa na matatizo.

Chombo hicho kilikuwa BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa kutoka Florida tarehe 30 Aprili 1996. Ilizunguka karibu na Ikweta, kilomita 600 hivi juu, ikipita Malindi mara moja katika kila mzunguko wa dakika 96 au zaidi kidogo. Kwa takriban dakika kumi antena ya Malindi iliiona. Katika dakika hizo ilipaswa kupakua data zake zote na kupokea amri kutoka Roma. Muda ukipita, watu husubiri mzunguko mwingine.

Maradhi yake yalikuwa kwenye jairoskopu, vifaa ambavyo, kama pia inayochezwa na mtoto, hushikilia mwelekeo wake na hivyo kukijulisha chombo kimegeukia wapi. Zilianza kuharibika moja baada ya nyingine. Darubini isiyojua inatazama wapi haina faida, na bila paneli zake kulielekea jua chombo hukosa umeme na kufa. Hakuna fundi aliyeweza kutumwa kilomita 600 juu na bisibisi. Na hasara ingekuwa kubwa mno: tarehe 28 Februari 1997 setilaiti hiyo ilikuwa imenasa mlipuko wa miali ya gama, kisha saa chache baadaye ikaona eksirei zilizobaki nyuma yake. Mlipuko mwingine wa Mei mwaka huo ulithibitisha kwamba asili ya milipuko hiyo iko mbali, nje ya kundi letu la nyota, fumbo lililokuwa limedumu tangu 1967.

Wahandisi waliamua kuibadilisha akili ya chombo badala ya viungo vyake. Programu mpya iliandikwa ili kompyuta yake ijielekeze kwa jairoskopu moja, ikisaidiwa na vihisi vya jua na vya nyota. Katika majira ya joto ya mwaka 1997 utafiti ulisimama kwa muda, na programu hiyo ikapandishwa kupitia Malindi. Chombo kikarudi kazini. Baadaye ikaandaliwa njia ya kufanya kazi bila jairoskopu hata moja, na BeppoSAX ikaendelea hadi ilipozimwa tarehe 30 Aprili 2002.

Broglio hakuishi kuuona mwisho huo. Alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89, na baadaye kituo cha Malindi kikapewa jina lake. Antena zake zilihamia kwa setilaiti nyingine, miongoni mwazo AGILE ya Italia, iliyorushwa kutoka India mwaka 2007. Nayo mwaka 2009 ilipoteza gurudumu lake la kujielekeza. Wahandisi wakaiacha izunguke ikilitazama anga kwa zamu, na ikaendelea kutuma data zake Malindi kwa miaka mingine kumi na minne, kabla ya kuanguka na kuteketea Februari 2024.