Rupia ya Stanley karibu na Kasongo

Shimo limekula pesa ya PDG miezi mitatu, dhahabu haionekani. Wengine wanasema tuache, wengine tuendelee. Ndipo watu wanaanza kutafuta alama: ndoto ya usiku, ndege aliyepita, sarafu ya kutupa juu. Wachimbaji wa Kabambare wanajua mambo haya vizuri. Lakini alama yenyewe ndiyo inaamua, ao moyo ulishaamua zamani? Tuangalie maisha ya mzungu mmoja aliyetupa sarafu hapa kwetu, karibu na Kasongo, mwezi wa Oktoba 1876. Ni Henry Morton Stanley, yule waliyemwita baadaye Bula Matari, mwenye kuvunja mawe.

Hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa John Rowlands, mwaka 1841, katika mji wa Denbigh, inchi ya Wales. Mama yake hakuwa na bwana, akamwacha kwa babu. Babu akafa. Alipokuwa na miaka sita walimwambia anapelekwa kwa shangazi. Kumbe walimpeleka katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mlango ukafungwa nyuma yake. Alipokuwa kijana alivuka bahari mpaka New Orleans, Marekani, akachukua jina jipya, akawa askari, kisha mwandishi wa gazeti. Mwaka 1871 alimkuta Livingstone kule Ujiji, sifa yake ikaenea. Lakini wakubwa fulani wa London walimcheka, wakasema anadanganya. Aliyekataliwa utotoni akakataliwa tena ukubwani. Neno hilo tulishike.

Mwaka 1874 alitoka Bagamoyo na msafara mkubwa, pamoja na vijana watatu wa Kiingereza. Alipofika kwetu, wawili walikuwa wamekufa kwa homa. Alibaki Frank Pocock peke yake. Swali lilikuwa moja: Lualaba inaenda wapi? Livingstone alikwama pale Nyangwe mwaka 1871, Cameron naye mwaka 1874. Wote wawili walikosa mitumbwi. Tippu Tip, mchuuzi mkubwa wa pembe za tembo na wa watumwa, alisita pia. Ndugu zake walimwambia kuingia katika pori lile ni wazimu.

Usiku ule, kama Stanley mwenyewe alivyoandika katika kitabu chake, yeye na Frank walikaa wakiwaza: kufuata mto kwenda kaskazini, ao kurudi kusini njia ya Katanga? Frank akaleta wazo la kutupa rupia. Kichwa ni mto, upande wa pili ni kusini. Wakatupa. Kusini. Wakatupa tena. Kusini. Mara sita, kusini tu. Wakavuta vijiti vya majani, virefu na vifupi. Navyo vikasema kusini. Basi Stanley alifanya nini? Alisema watafuata mto.

Hapo ndipo maisha yake yote yanaonekana. Kama rupia ingesema mto mara ya kwanza, tunafikiri wasingeitupa mara ya pili. Alitaka ruhusa tu, maana njia ilikuwa imeshachaguliwa. Na aliyechagua, sisi tunaona, ni yule mtoto wa St Asaph, asiyetaka kurudi Ulaya akachekwa tena. Labda Stanley mwenyewe hakujua.

Wataalamu wamepima jambo hili. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walionyesha habari ya watu waliocheza karata za pesa katika mafungu manne, mawili mabaya, mawili mazuri. Ngozi ya mikono ya wachezaji ilianza kutoa jasho kidogo walipotaka kugusa fungu baya, hata kabla hawajaweza kusema ni fungu gani lenye kula pesa. Mwili unaonya kabla ya kichwa kujua. Lakini hofu si sauti moja tu ndani ya mtu. Haya nayo inasema, hasira nayo inasema, na yenye nguvu ndiyo inasikiwa.

Tippu Tip mwishoni alikubali, kwa bei: dola 5,000, kambi sitini, kisha kurudi. Ndui na njaa vikaingia ndani ya msafara. Kabla ya mwisho wa mwaka 1876 akasema inatosha, akageuka. Si kwamba alikuwa mtu wa huruma. Mababu zetu wanajua alichofanya. Lakini alihesabu, na hesabu ikamwambia aache. Stanley akaendelea. Mwezi wa Machi 1877 Kalulu, kijana aliyepewa Stanley kama mtumwa, alizama katika maporomoko. Mwezi wa Juni Frank, mwenye wazo la rupia, naye akachukuliwa na maji. Tarehe 9 Agosti 1877 Stanley alifika Boma, akiwa na watu waliokonda mifupa tupu.

Dunia ilimwita mshindi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamchukua kwa kazi yake, akafungua njia ya Leta ambayo watu waliiita pia Bula Matari. Mwaka 1893 vita ya Leta na Waarabu iliangusha Nyangwe na Kasongo. Stanley alikufa London mwaka 1904. Aliomba kuzikwa karibu na Livingstone katika Westminster Abbey, wakamkataa. Hata ushindi haukufunga kidonda kile.

Ndugu wachimbaji, mtu akileta sarafu ao ndoto, tumuulize kwanza: ikisema acha, utaacha? Kama jibu ni hapana, sarafu ile haina kazi. Tuzungumze juu ya deni, ya haya, ya jirani aliyepata jana. Kisha tuulize neno la pili: shimo likianguka, nani yuko chini? Stanley alichagua mto, Kalulu na Frank wakalipa.